Ramani, dira na mawe ya Mwanza: maswali ninayoulizwa kila tunapotoka

Nimefundisha Jiografia miaka mingi, na Jumamosi mojamoja huwatoa vijana kupanda vilima vya upande wa Nyegezi na Luchelele, simu zikiwa zimezimwa ndani ya mabegi. Kila kundi jipya huja na maswali yale yale, mara nyingi kwa mpangilio ule ule. Nimeyaandika hapa ili siku nyingine nipande kilima nikiwa na pumzi.

Simu yangu inaonyesha nilipo hata bila bando. Nihangaike na dira ya nini?

Ni kweli, GPS ya simu haihitaji bando. Inapokea mawimbi ya setilaiti moja kwa moja. Kinachohitaji bando ni picha ya ramani iliyo chini ya kile kidoti cha buluu, na kama hukuipakua ukiwa mjini, utakiona kidoti kinaelea kwenye ukurasa mtupu. Halafu kuna chaji. Halafu kuna maji: kioo kikilowa, simu haisikii kidole, na mvua ya Mwanza haipigi hodi.

Sina ugomvi na simu. Natembea nayo kwa ajili ya dharura. Ugomvi wangu ni na kijana aliyepanda kilima kile kile mara tano akifuata kidoti, na bado akiwa nyuma ya mwamba hawezi kuniambia ziwa liko upande gani.

Ninunue dira ya namna gani?

Dira ya kibao, ile yenye bamba la plastiki linalopitisha mwanga, ukingo wenye rula, na duara linalozunguka lenye digrii 0 hadi 360. Unailaza juu ya ramani na kuona kilicho chini yake. Dira ndogo za urembo zinazoning'inia kwenye funguo ziache huko huko dukani.

Sasa jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui. Sumaku ya dunia haiielekezi sindano kaskazini tu, inaiinamisha pia. Ulaya, ncha ya kaskazini ndiyo inayovutwa chini, kwa hiyo mtengenezaji huongeza uzito kidogo upande wa kusini ili sindano ilale sawa. Mstari ambako sindano hulala sawa bila kusaidiwa hauko kwenye ikweta tunayoichora darasani. Kwa upande wetu wa Afrika unapita mbali kaskazini, huko Ethiopia. Mwanza tuko kusini ya mstari huo, na hapa ncha ya kusini ndiyo inayozama. Dira iliyosawazishwa kwa ajili ya Ulaya, ambayo tayari ina uzito kusini, ikifika kwetu inainama maradufu, sindano inakwaruza chini na kuganda. Mwenye nayo anadhani imeharibika. Haijaharibika, iko ugenini.

Kwa hiyo uliza kama imesawazishwa kwa nchi za kusini, au kama sindano yake ni ya kutumika dunia nzima. Muuzaji asipojua, ilaze mezani, mbali na spika na chuma, izungushe taratibu mara kadhaa. Sindano icheze kwa uhuru na irudi pale pale kila mara.

Kitabu kinasema kuna kaskazini tatu. Mwalimu, nifuate ipi?

Ziko tatu kweli: kaskazini ya dunia yenyewe, kaskazini ya mistari ya gridi iliyochorwa kwenye ramani, na kaskazini inayoonyeshwa na sindano. Kuna nchi ambako zinaachana kwa digrii 15 au zaidi, na msafiri asiyefanya hesabu anaishia bonde la pili.

Hapa kwetu tuna bahati ambayo wengi wanaishi nayo bila kuijua. Gridi ya ramani zetu imegawanywa kwa kanda, na Mwanza iko ukanda wa 36, ambao mstari wake wa katikati ni digrii 33 mashariki. Jiji liko karibu kabisa na mstari huo, halafu tuko jirani na ikweta. Mambo hayo mawili yakikutana, kaskazini ya gridi na kaskazini ya kweli zinakuwa kitu kimoja. Nayo sindano, kwa miaka hii, inaachana nazo kwa kiasi kidogo sana, digrii moja hivi. Kwa matembezi ya siku moja, puuza. Digrii moja kwenye kilomita moja ni mita 17, na macho yako yatakosea zaidi ya hapo.

Lakini usije ukapuuza ukiwa nchi nyingine. Na usichukue tofauti iliyoandikwa pembeni mwa ramani ya zamani ukaitumia leo, kwa sababu kaskazini ya sumaku huhama mwaka hadi mwaka.

Ramani yenyewe naipata wapi?

Ya kutembelea ni ile ya kipimio cha 1:50,000, inayotolewa na serikali kupitia idara ya upimaji na ramani ya Wizara ya Ardhi. Sentimita 2 ni kilomita 1, na miraba ya gridi ni ya kilomita moja moja, kwa hiyo umbali unaukisia kwa jicho. Nyingi ni za zamani. Vilima bado vipo pale pale, barabara na vijiji usiviamini sana.

Ufukwe pia usiuamini. Ziwa Victoria lilipanda sana mwaka 2020, likapanda tena 2024, na penye mwinuko mdogo maji yaliingia ndani ya nchi. Rasi uliyoichagua kwenye ramani kama alama inaweza kuwa chini ya maji au chini ya magugu maji. Magugu yenyewe husukumwa na upepo: asubuhi ghuba iko wazi, jioni ni kama shamba la kabichi.

Ukichapisha ramani ya intaneti, au ukitoa kopi, mwambie wa steshenari asiipunguze wala kuikuza ili ienee kwenye karatasi. Wao hupenda kukusaidia namna hiyo. Ikibadilika hata kidogo, ile 1:50,000 iliyoandikwa juu inakuwa uongo. Hakikisha kile kipimio cha mstari, chenye vipande vya kilomita, kimo ndani ya kopi, maana chenyewe hupungua au kukua pamoja na ramani.

Na onyo kwa wanaochanganya simu na ramani ya zamani: ramani hizo zilipimwa kwa msingi unaoitwa Arc 1960, simu inatumia msingi mwingine, WGS 84. Namba zile zile za gridi zinaangukia mahali tofauti, na tofauti hapa kwetu ni kama mita 300 kwa upande wa kaskazini na kusini. Kijana mmoja alinibishia nusu saa kwamba tumesimama ndani ya maji.

Mbona jiwe kubwa hivi halimo kwenye ramani?

Swali ninalolipenda kuliko yote. Kontua ni mstari unaounganisha sehemu zenye kimo kimoja, na kutoka mstari mmoja hadi wa pili kuna hatua maalumu, tuseme mita 20 (isome pembeni mwa ramani yako, hazifanani). Jiwe la mita 15 linaweza kukaa katikati ya mistari miwili bila kugusa hata mmoja. Kwa ramani halipo. Kwako wewe ni ukuta.

Mwanza imejaa mawe ya namna hiyo, ghorofa juu ya ghorofa, mengine yamebebana kama mizigo ya mama ntilie. Jiwe la Bismarck, ambalo kila mgeni hulipiga picha, ni mfano mmoja tu kati ya mengi. Kwa hiyo huku usitegemee jiwe likuambie uko wapi. Soma umbo la kilima chote: mgongo unaelekea wapi, tandiko kati ya vilele viwili liko upande gani, mteremko mkali uko wapi (kontua zimebanana) na wa pole uko wapi (zimeachana). Mimi huwaambia vijana wakunje ngumi, wachore kontua kwenye vifundo kwa kalamu, kisha wakunjue kiganja. Wakishaona vilima vyao vinalala, somo limeisha.

Nimeshapata digrii za mwelekeo wangu. Nitembeeje moja kwa moja wakati kuna mawe kila hatua?

Kwanza namna ya kuzipata. Laza ukingo wa dira kutoka ulipo hadi unakokwenda. Zungusha duara mpaka mistari iliyomo ndani yake ilale sambamba na mistari ya gridi, alama ya kaskazini ikitazama upande wa juu wa ramani. Inua dira, ishike kifuani, jigeuze wewe mzima mpaka ncha nyekundu ya sindano ikae ndani ya mshale uliochorwa kwenye duara. Mshale wa bamba sasa unaonyesha njia. Kosa la kila anayeanza ni kulaza bamba kinyume. Anatembea kwa uhakika kabisa, akirudi alikotoka.

Halafu usitembee ukiitazama dira, utajikwaa. Tafuta kitu kwenye mstari huo, mti mkavu au jiwe lenye doa jeupe, kiwe karibu kiasi cha kutopotea machoni. Nenda hadi hapo. Pima tena. Ukiwa na mwenzako, mtangulize awe ndiye alama yako, umpigie kelele asogee kushoto au kulia.

Ukikutana na mwamba usiopitika, geuka digrii 90 kulia na uhesabu hatua mpaka uuache. Tuseme 40. Geuka ufuate digrii zako za awali mpaka umeupita wote. Geuka kushoto digrii 90, hatua 40 zile zile, na umerudi kwenye mstari wako. Hatua za kulia na kushoto lazima zilingane. Zile za katikati ni sehemu ya safari yako, zihesabu kwenye umbali. Ili hesabu iwe na maana, pima mita 100 kwenye uwanja wa mpira na ujue unazimaliza kwa hatua ngapi, ukihesabu mguu mmoja tu. Wengi huangukia 60 na kitu. Kwenye mteremko wenye mawe zitaongezeka.

Si tunaangalia jua tu? Babu zetu walitumia jua.

Babu zetu walijua jua la hapa. Wewe umesoma jua la kitabu cha Ulaya, ambacho kinakuambia saa sita mchana jua liko kusini. Jua la Mwanza hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Kati ya Machi na Septemba jua la adhuhuri liko kaskazini yetu, miezi iliyobaki liko kusini. Ile mbinu ya kuelekeza mshale wa saa ya mkononi kwenye jua hapa ni ya kutupa.

Hata adhuhuri yenyewe haiji saa sita. Saa zetu zinafuata mstari wa digrii 45 mashariki, ambao uko nje kabisa ya nchi, kwenye Bahari ya Hindi. Sisi tuko karibu digrii 33. Kwa hiyo jua linafika juu kabisa kwenye saa sita na dakika 48 hivi, likiwahi mpaka saa sita na nusu mwanzoni mwa Novemba na kuchelewa mpaka saa saba na dakika chache katikati ya Februari.

Na lile la kusema jua huchomoza mashariki? Huchomoza upande wa mashariki. Mwezi wa Juni linachomoza digrii 23 kaskazini ya mashariki halisi, Desemba digrii 23 kusini yake. Ukilifuata kama mashariki kamili, kwenye kilomita moja tu umepotoka karibu mita 400.

Kinachofanya kazi ni kijiti. Kisimamishe kwenye udongo tambarare, weka kokoto kwenye ncha ya kivuli, kaa dakika 20, weka kokoto ya pili. Mstari kutoka ya kwanza kwenda ya pili unaelekea mashariki. Ni sahihi zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri.

Na usiku?

Nyota ya Kaskazini isahau. Tuko digrii mbili na nusu kusini ya ikweta na hiyo iko chini ya upeo wa macho. Kuanzia Novemba mpaka Aprili hivi, tafuta nyota tatu za Orioni zilizopangana mstari: ya kwanza kuchomoza kati ya hizo tatu huchomoza karibu mashariki kamili na kutua karibu magharibi kamili, mwaka wote, popote ulipo. Mwezi Mei, saa tatu hadi saa nne usiku, Msalaba wa Kusini unasimama wima na mguu wake unaelekea kusini.

Ziwani je? Huko hakuna kilima wala mti.

Huko dira ndiyo inakula mshahara wake. Kutoka Mwanza kwenda Nansio, Ukerewe, ni zaidi ya kilomita 40, kaskazini na kuegemea mashariki kidogo. Kumbuka hesabu ya 60: kosa la digrii moja linakutoa nje kilomita moja kila kilomita 60. Kosa la digrii 5 kwenye safari hiyo ni zaidi ya kilomita 3, na usiku kilomita 3 zinatosha kukupitisha mwalo wako (mahali pa kutia mitumbwi) bila kuuona.

Mzee mmoja mvuvi wa Kayenze aliitazama dira yangu akacheka. "Mwalimu, hako kasindano kanajua mawimbi?" Nikamjibu, hapana mzee, hakajui. Yeye huendesha kwa kuhisi wimbi linampiga mtumbwi ubavu gani, na usiku anajua upepo wa nchi kavu unaelekea ziwani, mchana unageuka. Ni elimu kubwa. Ila mwenyewe alikiri kwamba dhoruba ikikaribia upepo hubadilika ghafla, na wimbi analolifuata linaweza kumgeuza bila yeye kujua. Hapo ndipo dira na wimbi wanapaswa kuulizana.

Nilichojifunza kwake, nacho kina faida kuliko hesabu zangu zote, ni kukosea kwa makusudi. Ukilenga mwalo wako moja kwa moja ukafika ufukweni na huoni taa zake, hujui ukate kushoto au kulia. Basi lenga kulia kwa makusudi, digrii 10 hivi. Ukifika nchi kavu unajua bila shaka mwalo uko kushoto, unafuata ufukwe mpaka uufikie. Kwenye vilima nafanya hivyo hivyo, barabara au korongo likichukua nafasi ya ufukwe.

Andika pia saa uliyoondoka. Boti inayokwenda kilomita 10 kwa saa, baada ya dakika 30 imemaliza kama kilomita 5, upepo ukiwa mwema. Na mambo haya yote hayachukui nafasi ya jaketi la kujiokolea, wala ya kuahirisha safari ukiona wingu limeshuka.

Dira yangu na ya mwenzangu zinapingana. Nani mkweli?

Angalieni mifukoni. Simu, spika, panga, kufuli, chuma cha mkanda wa suruali. Simu iwe mbali na dira angalau urefu wa mkono. Msipime mkiwa mmeegemea ukuta wa mabati, gari au mlingoti.

Hili nililipia ada. Usiku mmoja tukitoka kambi ya wavuvi kisiwani, mvua ikaanza, nami kwa kujiamini nikaiweka dira juu ya sanduku lililokuwa mbele yangu ili isilowe mikononi. Karibu saa nzima nilimwelekeza nahodha. Taa za nchi kavu zilipotokea, zilitokea upande ambao hazikutakiwa kuwa. Sanduku lilikuwa la spana. Nahodha hakusema neno, alilisogeza tu kwa mguu, sindano ikageuka mbele ya macho yangu.

Wakati mwingine kosa liko ardhini. Granaiti ya Mwanza kwa kawaida haina shida, lakini ukienda upande wa Geita kuna miamba yenye matabaka ya chuma inayoweza kuvuta sindano. Na kilele cha jiwe kilichowahi kupigwa radi hubaki na usumaku wake, nasi tuko kwenye ziwa lenye radi nyingi. Ukishuku, sogea hatua 20 upime tena kilima kile kile cha mbali. Digrii zikiruka, tatizo ni pale uliposimama.

Nimepotea kabisa. Nifanye nini?

Kaa chini, kunywa maji. Kisha tafuta vitu viwili unavyovitambua kwa hakika, vilivyo pande tofauti: labda kisiwa cha Saanane upande mmoja na jengo la hospitali ya Bugando juu ya kilima chake upande wa pili. Pima digrii za kila kimoja. Ongeza 180, au ukipita 360 punguza 180, ili upate mstari wa kurudi kutoka kule hadi kwako. Ichore kwenye ramani. Inapokatana ndipo ulipo, na kitu cha tatu kitakuonyesha kama umekosea. Vitu hivyo vikikaribiana mno, mistari inalaliana na jibu halina maana. Pembe ya karibu digrii 90 kati yake ndiyo nzuri.

Usipoona chochote unachokitambua, shuka polepole kufuata mkondo wa maji, ukikwepa maporomoko. Katika vilima hivi vya karibu na ziwa hutachukua muda kukutana na njia, shamba au mtu. Msalimie kwanza, ndipo umwulize. Na ukiwa kwa Wasukuma, jua pande zao: sukuma ni kaskazini, dakama ni kusini, kiya ni mashariki, ng'weli ni magharibi. Bibi mmoja aliwahi kunielekeza kwa maneno hayo manne tu, na nilifika.

Nina mtoto wa miaka tisa. Nimwanzishie wapi?

Nyumbani. Achore ramani ya uwanja wenu kwa hatua zake mwenyewe: mlango, bomba, mwembe, choo, banda la kuku. Aweke mshale wa kaskazini. Wewe ufiche pipi, umpe karatasi yenye mistari miwili: hatua 12, digrii 90, hatua 8, digrii 200. Asipoipata mara ya kwanza, usimwonyeshe. Angalia kwanza kama hajashika dira karibu na bomba.